Hugo van Lawick na jua la mbele

Hugo van Lawick alifariki Dar es Salaam tarehe 2 Juni 2002, baada ya kuishi miaka mingi kwenye mahema kando ya Ziwa Ndutu, kusini mwa Serengeti. Wengi wanamjua kama Mholanzi aliyepiga filamu za Jane Goodall na sokwe wa Gombe kuanzia mwaka 1962. Sisi tunaoshika kamera huku Magu, kwenye barabara ya Musoma inayokwenda kupita lango la Ndabaka, tunamkumbuka kama mwalimu. Katika miaka yake ya mwisho aliwapokea kambini vijana waliotaka kupiga filamu za wanyama, wakajifunza kazi huku wakiifanya. Tusiobahatika kukaa naye tumebaki na picha zake, nazo zinafundisha ukizitazama kwa jicho la fundi.

Chukua suala la jua. Siku ya kwanza kila mmoja wetu huambiwa aliweke mgongoni. Van Lawick alipenda kulielekea. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, manyoya ya mnyama hupata mstari wa mwanga pembeni na vumbi la kwato linawaka. Ukipima mwanga kwenye ubavu wa nyumbu ulio kivulini, anga linaungua na vumbi lote linapotea. Inabidi upime penye mwanga na ukubali mwili uwe mweusi. Sasa mnyama anasomeka kwa umbo peke yake: pembe zisiingiliane na za mwenzake, miguu iachane, kichwa kikae upande. Na nyumbu hapangwi kama bibi harusi studio.

Dawa yake ni kumtangulia. Kamera za milimita 16 za zama zile, kama Bolex, zilitiwa ufunguo kwa mkono, zikaenda kama nusu dakika, zikasimama. Mkanda wa mita 30 haukumaliza dakika tatu. Huwezi kuwasha mtambo wa namna hiyo ukangojea bahati; lazima umsome mnyama. Mbwa mwitu, ambao van Lawick aliwaandikia kitabu kizima, wakianza kusalimiana na kurukaruka jioni, safari ya mawindo imewadia. Anayelijua hilo ameshasogeza gari upande unaofaa.

Mwaka 1966 yeye na Goodall waliandika katika jarida la Nature kuhusu tumbusi wanaovunja mayai ya mbuni kwa kuyarushia mawe. Walilikuta jambo lenyewe likitokea, kisha wakaweka mayai kwingine waone kama litarudiwa. Mpiga picha aitazame sana hiyo mara ya pili, maana sasa anajua yai liko wapi na jua litatokea upande gani.

Kuna mahali simfuati. Ndizi zilizowavuta sokwe mbele ya lenzi kule Gombe zilirahisisha kazi, lakini ziliongeza ugomvi kati yao. Picha iliyopatikana hivyo naiangalia kwa tahadhari.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawapeleka mwaloni alfajiri, akina mama wanapoanika dagaa. Waombe ruhusa kwanza, wakae bila kupiga, wajue ni wakati gani mkono unainuka kumwaga ndoo. Kisha wahamie upande wa pili, jua liwe mbele yao, wapime mwanga kwenye dagaa wanaong'aa, wala si kwenye kanga.