Good Hair: filamu iliyotazama wigi ikasahau kichwa

Jumapili iliyopita tulikuwa sita kwenye sebule moja hapa Goma, tukitazama kwenye kompyuta filamu ya zamani kidogo: Good Hair, ya mwaka 2009. Mchekeshaji wa Marekani Chris Rock anazunguka akiuliza kwa nini wanawake weusi wanahangaika hivi na nywele. Wenzangu walicheka mpaka mwisho. Mimi nilicheka nusu, kisha nikashika kilemba changu nione kama bado kimekaa sawa.

Niseme mapema, ndugu wasomaji: nywele zangu za mbele zimepungua. Nilikulia Bunagana, pale mpakani, ambako meshi na peruki zilikuwa zinapita kutoka Uganda. Tangu shule nilisuka za kubana, juu zile za kubana ndizo zinadumu. Nilipofika kutetea kazi yangu ya lisansi, pembeni mwa paji kulikuwa kumebaki ngozi tu. Mama wa saluni akanifariji: "Vaa tu peruki, yaya, hakuna mutu ataona." Kweli, hakuna aliyeona. Lakini siku ile nilijibu maswali ya majaji huku nikiogopa feni ya ukumbini kuliko majaji wenyewe.

Filamu ina mazuri yake. Inaanza na swali la Lola, binti mdogo wa Rock, aliyemuuliza baba yake kwa nini hana nywele nzuri. Inaonyesha kemikali ya kulainisha nywele, sodiamu haidroksaidi, ikila kopo la soda la alumini. Inatupeleka Tirupati, India, ambako watu wananyolewa kwa ajili ya ibada, na nywele zao zinaingia sokoni. Ukitoka hapo unajua pesa yako inakwenda wapi.

Lakini Rock anaona karibu kila wigi kuwa ni hamu ya kufanana na mzungu. Haiko hivyo kila mara. Kuna anayeivaa ili afanane na yeye mwenyewe wa miaka mitatu iliyopita. Ndani ya filamu hiyohiyo yumo Sheila Bridges, mbunifu wa mapambo ya nyumba, kichwa wazi, akizungumza juu ya alopesia, ugonjwa uliomwondolea nywele. Kwangu huyo ndiye moyo wa filamu, na filamu inampita haraka irudi kwenye vichekesho. Tarehe 27 Machi 2022, jukwaani kwenye Oscar, Rock huyohuyo akatania kichwa kilichonyolewa cha Jada Pinkett Smith, ambaye alikuwa ameshasema hadharani kwamba ana alopesia. Dunia ilikumbuka kofi la Will Smith. Mimi nilimkumbuka Sheila.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwetu: filamu inashitaki kemikali, lakini mkono unaovuta unaachwa huru. Nywele zikivutwa mwaka hadi mwaka, mzizi unachoka. Ukiacha mapema, zinaweza kurudi. Ukiendelea, mahali pale panakuwa kovu, na kovu haliotishi nywele. Dalili tunazijua wote: vipele, na kile kichwa kinachouma usiku wa kwanza hadi unameza parasetamoli. Na peruki ya gundi inavuta palepale inapoficha.

Kwa hiyo swali ambalo filamu ingepaswa kuliuliza ni hili: kinachonificha, kinaniongezea jeraha? Nimeyapima kwa swali hilo. Peruki isiyo na gundi, juu ya kofia laini, ivuliwe usiku: sawa. Kilemba: sawa, usikikaze. Unga wa keratini unashika kwenye nywele zilizobaki na kuzifanya zionekane nyingi, ila penye ngozi tupu hausaidii, na jasho linauharibu. Ile rangi nyeusi ambayo vinyozi wanawapaka wavulana mbele inapunguza tofauti ya ngozi na nywele, lakini nyingi zina parafenilinidiamini, inayoweza kuwasha na kuvimbisha watu wengine. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi, siku mbili kabla. Kukata fupi ni rahisi kuliko vyote, bana, na hakuvuti kitu.

Ila nywele zikitoka ghafla kwa mabaka, au kichwa kikiwasha na kutoa magamba, usifunike kwanza. Nenda kwa daktari. Inaweza kuwa fangasi, na fangasi inatibika.

Filamu ilipoisha, mmoja akauliza mbona nimenyamaza. Nikafungua kilemba, nikawaonyesha. Hakuna aliyecheka. Rafiki yangu mmoja, ambaye hajawahi kuonekana bila peruki, alisogea karibu, akainua ya kwake kidogo juu ya sikio, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Na hapa kwangu, unaona bado zinaweza kurudi?"