Nembo ya Wote, Wembe wa Mmoja

Sisi tunaoandika juu ya desturi za Nyangwe, Kasongo na Kabambare tunapenda kusifu nembo za mwili na masikio yaliyotobolewa. Tunaeleza ukoo, urembo, utu uzima na kinga ya dawa. Halafu tunafunga mlango. Hakuna anayeuliza: wembe ule ulitoka wapi, na baada ya mtoto wa kwanza ulikwenda kwa nani?

Kimya hicho ndicho ninakilaumu. Maana ya nembo ni kitu kimoja, chombo chake ni kingine. Sanamu za Waluba zinaonyesha nembo zilizopangwa vizuri sana, na wageni wanazistaajabia katika makumbusho. Lakini mti hauna damu. Mwili unayo.

Lugha yenyewe inatufundisha. Tunasema kuchanja kwa kazi ya muuguzi, tunasema kuchanja pia kwa kazi ya mzee wa dawa. Mama anayepeleka mtoto kwenye chanjo hakubali hata kidogo sindano iliyotoka kwa mtoto wa jirani. Ana haki: mwaka 1999 WHO na UNICEF zilitaka nchi zote, mpaka mwisho wa 2003, zitumie kwa chanjo sindano zinazojifunga zenyewe baada ya kazi moja. Lakini mama yuleyule, jioni, anakaa na watoto wanne mbele ya mzee, wembe ni mmoja, naye ananyamaza. Eti ndivyo wazee walivyofanya.

Mtasema ninadharau mila na kusifu hospitali. Siyo hivyo. Mwaka 1976 kule Yambuku, hapahapa Congo, Ebola ilienea kwa sindano za hospitali ya misioni: kila asubuhi zilitolewa tano tu, zikapita kwa wagonjwa wengi. Katika ugonjwa ule watu 318 walipatwa, 280 wakafa. Kumbe adui ni chombo kinachotoka damu hadi damu, kishikwe na mzee ao na muuguzi.

Wembe wa pamoja unaweza kuleta Sida, tena ugonjwa wa ini aina B, ambao virusi vyake vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 ao zaidi. Udongo na jivu juu ya kidonda vinaweza kuleta tetanosi. Kupangusa wembe kwa kitambaa ao kuupitisha haraka kwenye moto siyo kuutakasa.

Basi, fundi wa nembo sherti awe na nini? Maji na sabuni kwa mikono yake na kwa ngozi ya mtu. Wembe ao sindano mpya, ifunguliwe mbele ya mwenye mwili. Dawa ya kila mtu katika kikombe chake, bila udongo. Chupa ngumu ya kutupia wembe, mbali na watoto. Na mtoto asiyepata bado chanjo ya tetanosi, angoje.

Na tukumbuke jambo moja. Livingstone alipokaa Nyangwe mwaka 1871, wembe huu mwembamba wa dukani haukuwepo duniani. Ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1903. Wazee wetu waliupokea, wakabadili chombo, na nembo ikabaki nembo. Walichoweza wao, sisi kinatushinda nini?