Mstari Tunaouruka

Marko sura ya 6 inahubiriwa sana humu kambini. Mikate 5, samaki 2, wanaume 5,000, vikapu 12. Mtu aliyezoea siku ya mgao hawezi kuisikia habari hiyo akabaki ametulia. Lakini wahubiri wetu wengi huanzia mstari wa 34, pale Yesu anapouona umati na kuuonea huruma. Mstari wa 31 wanauruka. Kwa maoni yangu, ukiuruka huo, hadithi yote inapinda.

Una nini mstari huo? Mitume wamerudi kutoka kazini. Watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaita waende kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Katika Injili zote nne, ni Marko peke yake aliyeuandika mwaliko huo. Hakuuweka bure.

Tazama anavyoendelea. Wanapanda mashua, lakini watu wanakimbia kwa miguu na kufika kabla yao. Kupumzika kwenyewe kukaishia majini. Saa zimekwenda, na mitume ndio wanaosema watu waagwe, wakajinunulie chakula vijijini. Hapo tunawasema sana: hawana imani, hawana huruma. Jamani, mbona hatusemi kwamba wamechoka, na njaa juu? Marko ameshatuambia. Maneno yao tunayasikia kila siku: dirishani pa ofisi, zahanati saa tisa alasiri, hata kwa mama wa kanisa aliyetembelea wagonjwa wiki nzima na kwake hana kuni. "Rudi kesho." Si kwamba ana roho mbaya. Huruma isiyopumzika hugeuka ukali.

Sasa angalia huruma yenyewe inavyofanyika. Yesu anaagiza watu waketi, vikundi vya mia na vya hamsini, kwenye majani mabichi. Ubichi huo ni Marko tu anayeutaja. Chakula kinawafuata hapo walipokaa. Hakuna anayesimama juani na kadi mkononi. Mimi nasoma hivi: kabla ya kushibishwa, watu walipumzishwa. Wenzetu wa mashirika, nalisema kwa heshima: benchi na kivuli kwenye foleni si mapambo. Ni sehemu ya msaada.

Na mitume je? Vikapu vilivyojaa mabaki ni 12, na wao ni 12. Marko haelezi zaidi, lakini sidhani kama aliwasahau wale waliokosa hata nafasi ya kula. Baada ya hapo Yesu anawatanguliza mashuani, yeye mwenyewe anabaki kuuaga umati, kisha anapanda mlimani kuomba. Mkubwa anabaki nyuma ili wadogo watoke. Kwetu mara nyingi ni kinyume: mhubiri ameshaondoka, kina mama bado wanafagia na kusugua sufuria.

Tuseme ukweli, Marko hadanganyi kwamba usiku ule walilala. Upepo uliwakabili, wakapiga makasia kwa taabu. Kuna uchovu usioisha kwa siku moja, na sisi tulio hapa miaka na miaka tunaujua. Ndiyo maana sikubaliani na mahubiri yanayosema pumziko letu liko mbinguni tu. Katika Marko, mwaliko unatolewa siku ya kazi, kwa watu walio kazini, na wanaitiwa pumziko dogo tu. Hilo dogo tunaweza kupeana hapa hapa.

Basi, mhubiri atakayeifungua tena sura hiyo aanzie mstari wa 30. Na kabla ya kufunga ibada, aulize: wiki hii nani atapokea zamu ya yule mama wa wagonjwa, ili naye alale mchana mmoja? Atakayenyoosha mkono atakuwa ameielewa habari ya mikate kuliko wengi wetu.