Wakili wa Siku Thelathini

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Dodoma, ukaupita uwanja mdogo wa ndege, unaingia Kisongo: mnada wa mifugo, maduka ya kando ya barabara, mashuka mekundu ya wafugaji, Mlima Meru ukiwa nyuma yako. Wasioishi Arusha wanalijua jina hili kwa ajili ya gereza. Godbless Lema, wakati huo mbunge wa Arusha Mjini, alikaa huko mahabusu kuanzia Novemba 2016 hadi Machi 2017. Hakimu alikwisha kusema dhamana iko wazi, lakini kabla masharti hayajatimizwa upande wa mashtaka ukawasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Karatasi hiyo moja ilitosha kumweka mtu ndani miezi minne, na ni karatasi nyingine, zilizoandikwa na mawakili wake na kufika hadi Mahakama ya Rufani, zilizomtoa.

Ukiliacha gereza, Kisongo ni kata kama kata nyingine za Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Ina vijiji na vitongoji, ina shule, na kila baada ya miaka mitano ina watu wanaowania kuushika muhuri wa mwenyekiti. Mwenye muhuri huo ndiye anayemwandikia mtu barua ya utambulisho, ndiye anayeshuhudia mauziano ya shamba, na pembezoni mwa mji unaopanuka kama Arusha, shamba ni fedha nyingi. Haishangazi kwamba muhuri unagombewa, wala haishangazi kwamba ugomvi wake unafika kwa wakili.

Ninayetaka kumsifu ni huyo wakili wa chini, anayeshika mashauri ya wenyeviti wa vijiji na madiwani, akaombwa pia ushauri na kamati ya shule ambayo haina hata posho ya kumlipa nauli. Waandishi wa habari hawamfuati. Kazi yake haina ufasaha mwingi, na ndiyo maana inaonekana nyepesi kwa asiyeijua.

Mteja wake huja na hasira. Ameshindwa jana, hajalala, na anataka kueleza alivyoibiwa kura. Wakili mzuri humwacha aseme mpaka achoke. Halafu anauliza maswali ambayo mteja huyaona kama dharau. Matokeo yalitangazwa tarehe ngapi? Nani alikuwa wakala wako kituoni? Alisaini fomu au alikataa? Nakala yake iko wapi? Kama alikataa kusaini, aliandika sababu? Kwa uchaguzi wa diwani fomu ya kituo kwa miaka mingi imekuwa namba 21C, na wakili wa kazi hii anaikumbuka kama unavyokumbuka namba yako ya simu. Tarehe anaiuliza kwanza kwa sababu sheria inatoa siku 30 tangu matokeo yatangazwe. Siku ya 31 hakuna jaji wala hakimu atakayesikiliza wizi wa kura, hata ungekuwa umerekodiwa kwenye video.

Siku 30 ni chache kuliko zinavyosikika. Humo ndani kuna kutafuta mashahidi ambao wengine wameanza kuogopa, kuandaa viapo, kulipa ada, kupeleka hati kwa wajibu maombi, na kuamua shauri liende wapi. Shauri la ubunge huenda Mahakama Kuu. La udiwani kwa miaka mingi limekuwa la Mahakama ya Hakimu Mkazi, na la mwenyekiti wa kijiji au kitongoji ni la Mahakama ya Wilaya. Kosea mlango, na siku zako zinaisha ukiwa kwenye foleni ya masjala isiyo yako. Zamani palikuwa na kizuizi kingine pia: sheria ilimtaka mlalamikaji wa ubunge aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla hata ya kusikilizwa. Julius Ndyanabo, aliyelalamikia uchaguzi wa 2000 jimbo la Nkenge, Kagera, aliipinga, akashindwa Mahakama Kuu, akaendelea, na Februari 2002 Mahakama ya Rufani ikasema kifungu hicho kinawafungia watu mlango wa haki na hakipatani na Katiba. Kila mkulima anayefungua shauri la uchaguzi leo bila kuuza ng'ombe wote anakula matunda ya kesi hiyo.

Kisha kuna ugumu wa ushahidi. Tangu kesi ya Mbowe dhidi ya Eliufoo, iliyotoka kwa jirani zetu wa Kilimanjaro baada ya uchaguzi wa 1965 na kuamuliwa na Jaji Mkuu Telford Georges, mahakama zetu zimeshikilia kwamba anayetaka uchaguzi ubatilishwe athibitishe madai yake bila kuacha shaka yenye msingi. Ni kipimo kizito, kinachokaribia kile cha kumtia mtu hatiani kwa jinai. Wakili asiyelijua hili huwajaza mashahidi 40 kizimbani, kila mmoja na uvumi wake. Anayelijua huleta sita walioona kwa macho.

Mfano bora wa ufundi huu Arusha ni shauri la Lema mwenyewe, lile la uchaguzi wa Oktoba 2010 alipomshinda Dk. Batilda Burian wa CCM. Wapiga kura watatu walikwenda mahakamani wakidai kwamba kwenye mikutano ya kampeni Lema alimkashifu mpinzani wake. Ushahidi ulihusu maneno ya jukwaani: nani alisema nini, uwanja gani, mbele ya nani. Mawakili wao walikuwa Alute Mughwai na Modest Akida; Lema alitetewa na Method Kimomogoro, wakili mkongwe wa mjini hapa. Tarehe 5 Aprili 2012 Jaji Gabriel Rwakibarila akabatilisha matokeo, na Lema akapoteza kiti.

Kwenye rufaa Kimomogoro aliungana na Tundu Lissu. Upande wa pili akabaki Alute Mughwai, ambaye ni kaka yake Lissu. Watu wa Arusha walilizungumza sana hilo, ndugu wa damu kukabiliana mbele ya majaji, lakini mimi naona ajabu iko kwingine. Mtu wa kawaida angetegemea rufaa ipiganwe juu ya matusi: yalitamkwa au hayakutamkwa? Mawakili wa Lema walirudi nyuma kabisa ya hapo, wakauliza swali ambalo mwanafunzi wa sheria hufundishwa mapema na mawakili wengi hulisahau mapema vilevile: hawa walioshtaki, wameumizwa nini? Sheria ya Uchaguzi ya wakati huo, kifungu cha 111, ilimtaja mpiga kura kati ya wanaoweza kulalamika. Je, ilimpa mpiga kura haki ya kulalamikia tusi alilotukanwa mtu mwingine?

Tarehe 21 Desemba 2012 Mahakama ya Rufani ikajibu kwamba haimpi. Mpiga kura anaweza kwenda mahakamani pale haki zake mwenyewe zilipovunjwa. Aliyedaiwa kukashifiwa alikuwa mgombea, na mgombea hakushtaki. Lema akarudi bungeni.

Wapo waliosema huo ulikuwa ushindi wa mlango wa nyuma, kwa kuwa ukweli wa maneno haukuamuliwa. Sikubaliani nao. Anayedai kiti kilichopatikana kwa maelfu ya kura kiondolewe ana wajibu wa kuonyesha kwanza kwamba yeye ndiye mwenye dai, na wakili aliyeliona pengo hilo, akalishika tangu mwanzo hadi mwisho huku kila mtu akibishania matusi, amefanya kazi ya juu kabisa ya fani yake. Gharama ya hukumu hiyo naikubali pia: mpiga kura wa kawaida amebaki na nafasi finyu zaidi, na mgombea aliyeonewa lazima asimame mwenyewe.

Si kila mgogoro wa Arusha ulisubiri wakili. Desemba 2010 uchaguzi wa meya ulizua swali la kisheria kabisa: mbunge wa viti maalumu aliyetoka Tanga, ambaye pia alikuwa katibu wa CCM mkoa wa Arusha, alikuwa na haki ya kupiga kura kwenye baraza la madiwani la Arusha? Swali hilo lingekaa vizuri kwenye kurasa nne za hoja. Likaenda mtaani, na tarehe 5 Januari 2011 watu watatu walipigwa risasi wakafa.

Huku vijijini kazi kubwa ya wakili iko kabla ya kura. Mwaka 2019, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, wagombea wengi wa upinzani nchi nzima walienguliwa kwa madai ya kujaza fomu vibaya, mengine madogo mno, kama kuandika kifupisho cha chama badala ya jina kamili. CHADEMA na vyama kadhaa vikajitoa. Unaweza kulaumu waliowaengua, nami nawalaumu. Lakini wakili wa kata anajua kwamba lawama haimrudishi mtu kwenye orodha. Anakaa na mgombea jioni, anasoma naye fomu herufi kwa herufi, anahakikisha jina linafanana na la kwenye daftari la wapiga kura, anatoa nakala kabla ya kurudisha, anamwambia adai saini ya aliyepokea. Akienguliwa, pingamizi linaandikwa siku hiyohiyo, na rufaa kwa kamati inafuata ndani ya muda wa kanuni. Ni kazi inayochosha, na ikifanikiwa hakuna anayeiona, kwa sababu jina la mgombea linatokea kwenye karatasi ya kura kana kwamba halikuwahi kuwa na tatizo.

Kwenye shule ni hivyohivyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inazipa shule za msingi kamati na sekondari bodi, na tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoondoa ada na michango ya lazima, hakuna kikao cha wazazi kinachopita bila mtu kuuliza: huu mchango wa chakula, nani aliupitisha? Mwanasheria akiwemo kwenye bodi, hoja yake mara nyingi ni fupi. Akidi ilitimia? Muhtasari uliandikwa? Fedha ziliingia kwenye akaunti ya shule au mfukoni kwa mtu? Walimu wakuu wengine hawampendi mjumbe wa namna hii, lakini ndiye anayewaokoa mkaguzi anapofika.

Kazi hii ina babu yake chini ya Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, aliwasaidia kuandaa malalamiko, na 1952 akafuatana na Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York. Kwenye Baraza Kuu azimio lililowaunga mkono halikupata theluthi mbili. Kilichonivutia kwa Seaton ni nafasi aliyojipangia: mwenye dai alikuwa Kirilo, na wakili alikuwa nyuma yake na makaratasi. Mwaka 1967 wawili hao walichapisha kitabu juu ya kesi ile, ili kumbukumbu isibaki kwa serikali peke yake.

Basi msomaji wa Kisongo, Mateves au Ngaramtoni, kama utashindwa uchaguzi ukaona umedhulumiwa, usimkimbilie wakili anayekuahidi ushindi siku ya kwanza. Mtafute yule atakayekuuliza tarehe ya kutangazwa matokeo na nakala ya fomu ya wakala wako, na umfuate mapema, siku zako 30 zimeshaanza kuhesabiwa.