Lugha ya Ushahidi: Juu ya Kuhifadhi Historia ya Chuo Kikuu kwa Mahojiano

Historia ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni rahisi kuisimulia kwa tarehe. Mwaka 1956 Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka 1961 kikawa Chuo cha Kifalme. Mwaka 1964 kikawa Chuo Kikuu Kishiriki, ndugu wa Makerere na Dar es Salaam katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Na mwaka 1970, muungano huo ulipovunjwa, Nairobi ikajitegemea. Tarehe hizi zimo katika sheria na ripoti, wala hakuna anayezibishia. Lakini nyaraka za namna hiyo ziliandikwa na watu wachache, kwa Kiingereza, ili zisomwe na watu wachache. Mpishi wa bwenini, tarishi, bawabu na mpiga chapa aghalabu hawamo, isipokuwa katika hesabu ya mishahara. Kwa hiyo rai ya kuwahoji wahadhiri na wafanyakazi wa zamani, na kuyahifadhi masimulizi yao, ni rai njema.

Makala haya hayakusudii kuipinga. Yanakusudia kuihakiki njia ya kuitekeleza, na hoja yake ni moja: mahojiano ni matini ya lugha kabla ya kuwa chanzo cha historia. Anayeipoteza lugha ya msemaji ameupoteza ushahidi wenyewe.

Na tuanze na waraka ambao kila mhadhiri wa fasihi anaujua. Mwezi Oktoba 1968, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o walitoa hoja kwamba Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, na mahali pake pawekwe idara ambayo fasihi ya Afrika ingekuwa kitovu chake. Waraka huo ulichapishwa mwaka 1972 katika kitabu cha Ngũgĩ, *Homecoming*, na unasomwa hata leo. Unatuonyesha hoja ilivyopangwa. Hautuonyeshi ilivyopokelewa: ni nani aliyeikubali hadharani na kuinung'unikia faraghani, wala maneno gani yalisemwa ukumbini baada ya mkutano. Owuor-Anyumba alitangulia, na Ngũgĩ akafuata mwezi Mei 2025. Waandishi wakubwa hutuachia vitabu. Upande wao hauko katika hatari ya kupotea. Walio katika hatari ni wale walioketi katika mikutano hiyo bila kuandika kitabu, na wale waliopiga chapa kumbukumbu zake bila kuulizwa rai yao.

Basi tuseme watu hao wamepatikana na wamekubali kuhojiwa. Mara nyingi hufuatwa desturi moja: mzee husema kwa Kiswahili, maneno yake hufupishwa kwa Kiingereza, na muhtasari huo ndio unaowekwa maktabani. Madhara yake yaonekane kwa mfano. Baada ya jaribio la kupindua serikali tarehe 1 Agosti 1982, Chuo kilifungwa. Tuchukue sentensi tatu za kubuni ambazo watu watatu wangeweza kuzisema juu ya jambo hilo: "Chuo kilifungwa", "Tulifungiwa chuo", "Wakafunga chuo." Katika muhtasari wa Kiingereza, zote tatu zaweza kuwa sentensi moja. Katika Kiswahili ni ushahidi wa namna tatu. Msemaji wa kwanza anatoa habari kama karani, na mtendaji amefichika. Wa pili, kwa kauli ya kutendewa, amejiweka ndani ya tukio: kufungwa kule kulimfika yeye na wenzake, kukamdhuru. Wa tatu amewataja watendaji kwa kiambishi *wa-* bila kuwapa jina, na kwa *-ka-* amelifanya tukio kuwa hatua moja katika mfululizo wa mambo anaodhani sisi tunaujua. Mwanahistoria anayetaka kujua nani aliogopa, nani alilaumu na nani alijitenga, majibu yake yamo katika viambishi hivyo. Muhtasari umeyafuta.

Kadhalika mhadhiri mstaafu anayeanza kwa Kiingereza, akahamia Kiswahili alipofika kwenye mzaha, na lugha ya mama alipofika kwenye uchungu, ametueleza kwa kuhama huko mambo ambayo hakuyasema kwa maneno. Nakala inayoandika lugha moja tu tangu mwanzo hadi mwisho imesema uongo juu yake, hata kama kila neno lake ni sahihi.

Wapo watakaojibu kwamba kumbukumbu za wazee si za kutegemewa, kwa hiyo hakuna haja ya kuzichunguza kwa makini kiasi hicho. Pingamizi hili lilikwisha kujibiwa na mtafiti wa Italia, Alessandro Portelli. Katika mji wa Terni mfanyakazi mmoja, Luigi Trastulli, aliuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga Italia kujiunga na NATO. Wengi waliomsimulia Portelli kifo hicho walikisogeza hadi mwaka 1953, wakati wafanyakazi wengi walipofukuzwa kazini. Portelli hakuyatupa masimulizi hayo. Alionyesha kwamba kosa la tarehe lilikuwa na maana: kifo kilihamishiwa pale ambapo jamii ilihisi kuwa kingefaa kutokea. Mzee wetu akisema kuwa mgomo fulani ulitokea kabla ya kufungwa kwa Chuo ilhali nyaraka zasema ulitokea baadaye, mhoji asimsahihishe haraka. Aulize kwa nini kumbukumbu imepanga mambo hivyo.

Jambo la pili la kuhakiki ni uhusiano wa mhoji na mhojiwa. Mkuu wa idara akimhoji tarishi aliyemletea barua kwa miaka mingi, atajibiwa, "Mambo yalikuwa mazuri tu, mwalimu." Jibu hilo ni adabu. Neno "mwalimu" mwishoni mwake latukumbusha kwamba msemaji bado yuko kazini, ingawa alikwisha kustaafu. Asiyejua kusoma heshima katika Kiswahili ataliandika kama shukrani. Kwa sababu hiyo nakala ya mahojiano isiyoonyesha nani aliuliza, kwa maneno gani na mbele ya nani, haina thamani kubwa kwa mtafiti.

Uswahilini tuna mifano miwili ya kutufunza. Mwaka 1903 Carl Velten alitoa kitabu cha *Desturi za Wasuaheli* kwa jina lake, ingawa sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo Mtoro alipopewa nafasi ya mwandishi. Mfano wa pili ni mwema zaidi. Sarah Mirza na Margaret Strobel walihariri masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991 kwa jina la *Wanawake Watatu wa Kiswahili*. Humo Bi Kaje, wa ukoo uliomiliki watumwa, na Mishi wa Abdala, mwenye asili ya watumwa, wanausimulia mji mmoja, kila mmoja kwa sauti yake. Chuo kikuu nacho ni mji wenye ngazi. Masimulizi ya profesa peke yake ni masimulizi ya ukoo mmoja.

Kutokana na hayo, kanuni chache zapasa kufuatwa. Sauti iliyorekodiwa ndiyo asili, nayo ihifadhiwe, ikinakiliwa kila chombo cha zamani kinapochakaa. Nakala ya kwanza ya maandishi iwe katika lugha iliyosemwa, neno kwa neno, pamoja na kusita na kunyamaza. Tafsiri ije ya tatu, ikiwa na jina la mfasiri. Mhojiwa atajwe kuwa mwenye maneno, akitaka. Naye awe na haki ya kufunga sehemu yoyote kwa miaka atakayo, haki ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu imeiongezea uzito.

Kazi hii ni ya idara za lugha kama ilivyo ya idara za historia. Tumezoea kuwatuma wanafunzi wetu vijijini kukusanya ngano na methali, nasi twapita kila asubuhi penye lango ambalo bawabu wake anajua mambo yasiyoandikwa popote. Kijana aliyeingia katika Chuo cha Ufundi mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 20 alizaliwa mwaka 1936; msomaji na afanye hesabu. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Hawa walikuwapo. Lao litakuwapo ikiwa tutaliandika kwa lugha waliyolisemea.