Kura na Msalaba: Uhakiki wa Picha ya Tshibumba kuhusu Kifo cha Lumumba

Kiwanja cha ndege cha Luano kiko kaskazini-mashariki ya Lubumbashi. Jioni ya tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliteremshwa hapo wakiwa wamefungwa na kupigwa. Usiku huohuo waliuawa kwa risasi porini, nje ya mji, mbele ya mawaziri wa Katanga iliyojitenga na maofisa wa Kibelgiji. Miongoni mwa masimulizi ya Kiswahili yanayohusu tukio hili, lenye uzito wa pekee ni la mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, akamfafanulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mazungumzo hayo yalichapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1996 katika kitabu Remembering the Present. Baadaye matini ya Kiswahili nayo yalitolewa. Makala haya yanahakiki picha moja tu, ile ya kifo, kwa kuuliza swali moja: mtu aliyeingia madarakani kwa kura anageuka kuwa nani katika picha hii?

Jibu la mchoraji halina mafumbo. Maiti tatu zimelala chini. Nyuma yao kuna misalaba mitatu. Lumumba ana jeraha ubavuni, na damu inayotiririka inaandika ardhini neno la Kifaransa, unité, yaani umoja. Juu kuna nyota sita. Katika maelezo yake Tshibumba anamlinganisha Lumumba waziwazi na Yesu, na kusema kwamba alikufa kwa ajili ya umoja. Nyota hizo hapana budi zisomwe pamoja na bendera ya mwaka 1960, iliyokuwa na nyota ndogo sita kwa idadi ya majimbo ya wakati huo, Katanga ikiwa mojawapo.

Ili kuona uzito wa neno hilo linaloandikwa kwa damu, inafaa kukumbuka kura ilivyoingia katika mji huu. Mwezi Desemba 1957, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua madiwani wa komini zao. Mji ulikuwa umejengwa na wahamiaji walioletwa na migodi na reli, na wengi wa wakuu wa komini waliopatikana walikuwa na asili ya Kasai. Wale waliojihesabu kuwa wenyeji halisi waliyapokea matokeo kama kunyang'anywa mji wao, na mwaka uliofuata kikaundwa chama cha CONAKAT. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama hicho kilipata viti 25 kati ya 60 vya baraza la jimbo. Hakikufikia nusu, lakini kiliunda serikali ya jimbo, na tarehe 11 Julai kiongozi wake, Moïse Tshombe, akatangaza kujitenga. Kwa hiyo, katika mji huu, kuhesabu kura kulianza mapema kuwa ni kuhesabu asili za watu.

Hapa ndipo nguvu ya picha inapoonekana. Mtazamaji haulizwi baba yake alizaliwa wapi. Anaombwa kuomboleza, na maombolezo hayana mwenyeji wala mgeni. Kwa kuiazima Injili, inayojulikana katika kila komini, Tshibumba ameupatia mji lugha ya umoja ambayo kura haikuweza kuupatia. Msomaji anayekumbuka kwamba mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi hawezi kuidharau kazi hiyo.

Hata hivyo, ulinganisho huu una gharama. Yesu hakuchaguliwa na watu, Lumumba alichaguliwa. Chama chake kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote katika bunge la 1960, na bunge hilo ndilo lililoipa serikali yake imani. Anapopandishwa msalabani, haki iliyovunjwa inakuwa ya mbinguni, na wale waliompa kura hawana nafasi ila ya waumini. Mkombozi hupewa ibada. Mwakilishi hudaiwa hesabu, naye huweza kuondolewa. Picha inamtunza wa kwanza na kumpoteza wa pili.

Aidha, damu hiyo inaandika Kifaransa. Inaweza kujibiwa kwamba maneno ya Kifaransa ni ya kawaida katika Kiswahili cha Lubumbashi, na kwamba michoro ya aina hii huandikwa hivyo mara nyingi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshelezi. Neno umoja lilikuwapo. Mchoraji anafafanua kwa lugha ya mtaa, ilhali shahidi wake anaandika kwa lugha ya amri za serikali. Pengo hilo ndilo pengo la siasa yenyewe ya mji.

Haingekuwa haki, hata hivyo, kumhukumu msanii bila kuutazama wakati wake. Alikuwa akizungumza chini ya chama kimoja. Mwaka 1970 Mobutu alikuwa mgombea pekee wa urais. Karatasi ya kijani ilikuwa ya kumkubali, nyekundu ya kumkataa. Katika mazingira hayo, kumchora Lumumba kama mteule wa wapiga kura kungekuwa kauli ya hatari kuliko kumchora kama mtakatifu, kwa kuwa Mobutu mwenyewe alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966.

Mwezi Juni 2022 jeneza lenye jino la Lumumba, lililorejeshwa na Ubelgiji, lilifikishwa Lubumbashi na Shilatembo, mahali alipouawa. Mwezi Desemba 2023 madiwani wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo, Lubumbashi ikiwemo, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006. Kwa tukio la kwanza, picha ya Tshibumba inatosha kabisa. Kwa tukio la pili haina la kusema, na fasihi ya Kiswahili ya Lubumbashi bado inamhitaji msimulizi wa diwani aliye hai.