Dakika Ishirini na Moja za Goldie

Mwaka 1995 Goldie, mtunzi wa Uingereza aliyezaliwa Walsall mwaka 1965, alitoa albamu yake ya kwanza, Timeless. Wakati huo muziki wa dramu na besi ulihesabiwa kuwa ni wa kumbi za dansi tu: ngoma za kasi zilizokatwakatwa kwa mashine kutoka santuri za zamani, na besi nzito inayokwenda taratibu chini yake. Goldie aliifungua albamu kwa wimbo mmoja wa dakika 21, wenye sehemu tatu.

Urefu huo si majivuno. Nguvu ya wimbo imo katika ugomvi wa mizani mbili. Ngoma zakimbia mbio, ilhali sauti ya Diane Charlemagne yavuta silabi kana kwamba haizisikii. Maneno yenyewe ni machache, nayo yahusu maisha ya mjini na shinikizo lake. Yakiandikwa karatasini hayasimami kuwa shairi. Yakiimbwa juu ya ngoma zile, maana hudhihirika: mji wamfukuza mtu, naye akataa kukimbia. Sifa hiyo si ya Goldie peke yake. Rob Playford, fundi wa studio, alizisuka ngoma hizo pamoja naye, na Charlemagne, aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyeupa wimbo utu wake.

Mwaka 1998 ilifuata Saturnz Return, iliyobeba “Mother”, wimbo wa takriban saa nzima wenye okestra. Goldie alilelewa utotoni na walezi na katika nyumba za watoto, na wimbo huu wamwelekea mama yake. Uchungu wake ni wa kweli, pengine kupita ule wa albamu ya mwanzo. Lakini fidla zalia, sauti yalia, na ngoma zachelewa mno kufika. Hakuna kinachokipinga kilio, na kilio kisichopingwa huchosha.

Ni rahisi kuulaumu urefu, ila kasoro haipo hapo. Watunzi wa tenzi walilijua jambo hili zamani: utenzi wa mamia ya beti haubebwi na wingi wa machozi, bali na kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti, kikamzuia mtunzi asiporomoke. Katika Timeless, ngoma ndizo zilizokuwa kina hicho.